Besi Nyekundu ya Mama Salome

Kwako Baba Nekesa, huko Kimilili ulikolazwa,

Binti yetu Nekesa alinishauri nije nikae kando ya kaburi nikuambie haya kwa mdomo. Anasema watu hufanya hivyo na hupata nafuu. Unanijua. Siwezi kuongea na saruji, tena boma la kwenu halikosi masikio. Kwa hiyo nimeketi hapa Kabiria kwenye meza ya jikoni, na ninaandika. Nina habari moja ya kukupa. Ila siwezi kuianzia katikati, maana barua hii wataisoma na wengine ambao hawakukujua.

Wajue basi kwamba ulikuwa fundi wa redio na amplifaya, na karakana yako ilikuwa ghorofani Barabara ya Kirinyaga, juu ya duka la vipuri vya magari. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Spika ya shule iliungua siku ya mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu akanituma mjini nitafute fundi. Ukutani kwako palikuwa na gitaa la umeme lisilo na nyuzi, rangi yake ya kijani imebambuka. Nilikuuliza ni la nani. Ukasema hujui, na hilo ndilo lililokuwa likikusumbua. Mtu alilileta litengenezwe, hakurudi, na wewe ulitaka kujua lilipigwa wapi, na nani. Wiki iliyofuata nilirudi kwako bila spika yoyote.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kukusanya magitaa, na baadaye ndipo tukaoana. Jumamosi zetu zilikuwa za kazi hiyo. Zamani mji huu ulijaa bendi, zikipiga hotelini na vilabuni kila wikendi, na vyombo vyao vilitoka Japani, Italia, Ujerumani. Bendi zikafa, vyombo vikatawanyika. Tulivipata kwenye stoo za makanisa, chini ya vitanda, nyuma ya makabati ya shule. Wewe ulifungua kwa bisibisi na kusoma alama zilizopigwa mhuri ndani. Mimi niliwatafuta wazee waliowahi kuvipiga na kuwauliza maswali hadi wakachoka. Kule Kinoo tulionyeshwa gitaa la nyuzi kumi na mbili ndani ya kibanda cha kuku, na kuku alikuwa ameatamia ndani ya sanduku lake. Mwenye kuku alitaka kumtoa. Ulikataa. Tulirudi vifaranga walipokwisha kutotolewa, na harufu ya lile sanduku haijaisha mpaka leo.

Tuliyatundika chumbani kwa Nekesa kwa sababu hapakuwa na pengine. Alikua akilala chini ya magitaa na besi, yale ya nyuzi nne nene, na kila lori la mchanga lilipopita barabarani, nyuzi zilinguruma kidogo kidogo zenyewe. Alipokwenda shule ya bweni aliniandikia kwamba hapati usingizi, kule ni kimya sana.

Ulikuwa na tabia moja niliyoicheka. Kabla ya kuunganisha gitaa na umeme, ulilaza sikio kwenye ubao wake na kugusa uzi mmoja. Ulisema ubao husema kabla ya waya. Mimi nilitaka tarehe, picha, na watu wawili wasiojuana wanaosema jambo lilelile. Kwa miaka mingi tofauti hiyo ilitufaa. Wewe ulinipa pa kuanzia, mimi nikakuletea uthibitisho.

Halafu yakaja yale maonyesho ya muziki wa zamani katika ukumbi mmoja mjini. Waandalizi waliweka sharti. Chombo kitakachoingia ni kile kilichopigwa hasa kwenye rekodi za siku hizo, na pembeni yake patakuwa na jina la aliyekipiga. Wakatuomba sisi wawili tuhakikishe kila kimoja. Mama Salome wa Dagoretti alisikia habari hizo kanisani na akatuma watu watuite.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, upande wa machinjioni, na uani palikuwa na sufuria za maua zilizopangwa vizuri sana. Mumewe, Mzee Gachoka, alikuwa amefariki zamani kidogo. Ndiye aliyepiga besi kwenye ule wimbo wa harusi ambao hata maharusi wa leo wanauchezea bila kujua ni wa nani. Unaanza na besi peke yake kabla ya wengine kuingia. Kwenye jalada la sahani ya santuri pameandikwa jina la mwimbaji na la mwenye studio, basi. Hata kwenye picha ya bendi iliyotundikwa sebuleni kwa Mama Salome, uso wa Gachoka umezibwa nusu na ngoma.

Alituambia bila kuzungusha maneno. "Mimi sitaki kitu," alisema. "Nataka tu jina ya mzee wangu iandikwe mahali watu wanaona."

Akatuelekeza juu ya kabati. Ulipanda kwenye kiti ukaishusha, imefungwa ndani ya shuka. Ilikuwa besi nyekundu, na kichwani imebandikwa jina la kampuni ya Kijapani. Niliona mabega yako yakishuka, kama yanavyoshuka ya mtu aliyefika nyumbani. Wazee wote niliowahoji walisema Gachoka alirekodi wimbo ule kwa besi nyekundu ya Kijapani, mali ya hoteli walikokuwa wakipiga. Tulikuwa tumeitafuta muda mrefu.

Uliilaza mezani kifudifudi. Mahali shingo inapoungana na mwili, kiwandani huwekwa bamba la chuma lenye nambari. Hapa palikuwa na kipande cha bawaba ya mlango, kimekatwa na kupigwa tupa kwa uangalifu. Ulifungua skrubu, ukaiachanisha shingo, na ndani mle ikatoka harufu ya saiprasi. Hiyo ni harufu ya kila kitanda kinachochongwa kando ya barabara kutoka Kawangware hadi Dagoretti. Hakuna kiwanda cha Japani kilichotumia mbao hiyo. Uliinusa. Ukanitazama mara moja, kisha ukarudisha shingo mahali pake kama mtu ambaye hajaona kitu.

Ukaifunga nyuzi mpya ulizokuwa nazo mkobani, ukalaza sikio, ukagusa uzi wa chini. Ukakaa hivyo kitambo. Kisha ukaiunganisha na kile kiamplifaya kidogo cha safari na kupiga mwanzo wa wimbo wa harusi. Mama Salome alikuwa akileta thamosi. Aliiweka sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

"Ndiyo hii, Mama," ulimwambia. "Ndiyo hii kabisa."

Nami nikasema kwamba haikuwa ya Japani. Nilimwonyesha bawaba, nikamwambia kuhusu mbao. Nilimweleza kwamba mtu aliiga ile ya hoteli, hapahapa kwetu, na hatuna njia ya kujua ni lini. Huenda ni baada ya bendi kuvunjika, mzee alipotaka kitu cha kupiga kanisani au nyumbani. Nilisema siwezi kutia sahihi kwamba ndiyo inayosikika kwenye wimbo.

"Kwa hivyo si yake?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba ni yake, hilo halina shaka. Nisichokijua ni kama ndiyo ile.

Aliifunga tena ndani ya shuka yeye mwenyewe, taratibu, akikunja kona kama mtu anayemfunika mtoto. Kisha akaokota thamosi na kutumiminia chai vilevile. Ingekuwa rahisi kwangu kama angetufukuza.

Tulipita Kona ya Dagoretti garini. Ndipo uliposema, "Ungemwachia tu."

"Ningemwachia nini?"

"Jina."

Nilikuambia kwamba jina likiandikwa juu ya uongo halimfai hata marehemu. Ulisema haukuwa uongo, uliisikia, sauti ile ilikuwa ileile. Nikakujibu kwamba sauti si ushahidi, na kwamba fundi yeyote mwenye mkono kama wako angeweza kuikaribia. Ukapandisha kioo cha dirisha. Ulikuwa mtu mpole, na upole wako ulikuwa na mlango wa chuma kwa ndani.

Maonyesho yakafunguliwa bila Gachoka. Wewe hukuenda. Mimi nilienda, nikasimama mbele ya vioo nikisoma majina ya watu, na kila jina lililokuwa pale tulikuwa tumelihakikisha.

Watu nikiwasimulia hutaka kusikia kwamba tuligombana. Hatukugombana. Ulianza tu kwenda karakana siku za Jumamosi, nami nikawa nasahihisha mitihani. Uliendelea kuleta gitaa moja moja nyumbani, lakini hukuniomba tena niulize lilitoka wapi, nami sikuuliza. Yapo ukutani hadi sasa, mazuri, na sijui lolote kuyahusu. Sijutii nilichosema Dagoretti. Kwa yale niliyoyajua siku ile, ningeyasema tena. Nimelifikiria sana jambo hili, na nimeliona hivyo kila mara.

Kisha kisukari kikaingia, kikaanza na miguu, kikaenda kwenye figo. Ulipoteza hisia kwenye ncha za vidole. Ulinionyesha siku moja jinsi ulivyoshindwa kutofautisha uzi mwembamba na mnene bila kutazama, na ulinionyesha kama jambo la kushangaza tu, la mtu mwingine. Hospitalini, mchana mmoja, nilikuta vidole vyako vinatembea juu ya blanketi. Niliutambua ule mwanzo wa wimbo wa harusi kwa macho. Nilikumenyea chungwa.

Tulikuzika mwaka juzi. Ndugu zako waliniheshimu, na mvua ilingoja tukamaliza.

Sasa ndiyo habari yenyewe.

Mwaka huu nilipigiwa simu na watoto wa yule mwenye studio ya zamani, marehemu naye. Wanakaa Spring Valley, kwenye nyumba ambayo kutoka langoni huioni. Wanataka kuzitoa tena zile nyimbo za baba yao, na safari hii waandike ni nani aliyepiga nini, kwa sababu watu wameanza kuuliza. Mtu fulani aliwapa jina langu. Nilimkuta binti yake mkubwa, mama wa makamo mwenye haraka na adabu, akanipeleka gereji ambako kanda zilikuwa zimepangwa kwenye maboksi hadi dari. Nimekuwa nikienda huko tangu Pasaka.

Ndani ya boksi lenye kanda ya wimbo wa harusi palikuwa na picha chache zilizopigwa studioni. Nilijua ni za siku ya wimbo huo, kwa sababu yumo yule dada aliyemwitikia mwimbaji. Aliwahi kurekodi nao mara moja tu, wimbo huo mmoja, kisha akaolewa Mombasa. Niliwahi kumhoji kwa simu mimi mwenyewe, na wenzake wawili walinithibitishia hilo kila mmoja kwa wakati wake. Kwenye picha mojawapo anacheka, ameshika soda. Nyuma yake ameketi Gachoka, uso wake wote unaonekana. Besi ameilaza mapajani kifudifudi, ana bisibisi mkononi, anakaza kitu.

Nilitoa kioo cha kukuzia. Anachokaza ni skrubu za bawaba ya mlango.

Nilikaa juu ya boksi. Binti wa mwenye studio aliingia, akaniuliza kama huyo kwenye picha ni mtu wangu. Nikamwambia ni bawaba. Sidhani alinielewa, lakini aliniletea maji.

Siku chache baadaye nilikwenda Dagoretti. Sikuwa nimefika kwa Mama Salome tangu siku ile tuliyokwenda pamoja, na sikujua kama angenipokea. Amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini sauti yangu aliijua nikiwa bado langoni. Nilimpa picha, niliyoifanya ichapishwe kwa ukubwa, akaisogeza karibu na dirisha na kuitazama muda mrefu. Nilimweleza pole pole inaonyesha nini. Nikamwomba anikumbushe siku hizo, chochote.

Alisema bendi ilipotoka hotelini, meneja alibaki na vyombo vyote. Mumewe alikaa bila kupiga kwa majuma. Kisha akaanza kuchelewa kurudi, na jioni moja akaja na rangi nyekundu kwenye kucha.

"Nilikosana na yeye juu ya hiyo rangi," Mama Salome aliniambia. "Nilijua ni ya mwanamke. Nikamwambia aende akalale kwa huyo wa kucha."

"Naye akasemaje?"

"Hakusema. Akaniacha nifikirie hivyo."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Ndipo yakaanza kumrudia mengine. Kulikuwa na seremala Kawangware, mtu wa vitanda na majeneza, ambaye mumewe alikuwa akishinda kwake siku hizo. Sisi tunaweza kujaza yaliyobaki. Mpigaji anayekuja studioni na besi iliyochongwa kwa mbao za jeneza asingeitwa tena, kwa hiyo aliipaka rangi ya ile ya hoteli, akabandika lile jina la Kijapani kichwani, akanyamaza. Alinyamazia wenzake, akamnyamazia mwenye studio, akamnyamazia na mkewe aliyekuwa akimwona mhuni. Nchi nzima imekuwa ikicheza harusini kwa besi ya Kawangware na hakuna aliyejua.

Nimeshaandika maelezo ya wimbo huo, na watu wa Spring Valley wameyakubali. Yanasema: besi, Gachoka. Chini yake yanasema chombo kilichongwa Kawangware na seremala ambaye jina lake bado linatafutwa. Nilimsomea Mama Salome mara mbili. Mara ya pili alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo, kana kwamba namsomea wimbo. Ameniomba nimletee sahani yenyewe ikitoka. Hana mashine ya kuipigia. Anataka kuiweka mezani, upande wa maandishi ukiwa juu.

Nilipokuwa nikiaga alinishika mkono na kuniuliza habari zako. Hakuwa amesikia. Nilimwambia. Akakuombea kwa Kikuyu, kisha akasema, "Yule bwana yako alijua."

Nikamwambia, "Hakujua, Mama. Alisikia."

"Si ni kitu moja?"

Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, na swali hilo lilinikamata langoni. Nilimwambia nitakwenda nilifikirie. Nimelifikiria njia nzima hadi nyumbani, na siku zilizofuata, na bado naona si kitu kimoja. Mtu anaweza kusikia akakosea. Wewe hukukosea, lakini ungeweza. Ungekuwa hapa ungelikataa hilo kwa ile sauti yako ya chini, nami ningelirudia kwa ushahidi zaidi, na tungebishana hadi ugali ukapoa na Nekesa akatutoroka. Ningependa sana kubishana nawe juu ya jambo hili, Baba Nekesa. Hakuna mtu mwingine anayelijua vya kutosha.

Basi pumzika. Kesho naenda Kawangware kuulizia majina ya maseremala wa zamani.

Ni mimi,
Mama wa Nekesa